Chungu Chenye Mdomo Mpana

Mwanangu Lugano, ugonile.

Barua hii inanuka samaki, na ndiyo maana imekufikia. Ombasha, yule askari anayekulinda hapo Lyulilo, anajua kusoma, lakini dada yako Atupele ameniambia kwamba akiona mbasa wa kukausha anageuza uso na kuziba pua. Basi nimeikunja chini ya samaki, ndani ya jani la mgomba, naye atakuletea kesho asubuhi na mapema pamoja na ndizi. Usiisome mbele za watu. Mwambie ombasha tumbo linakusokota, nenda kichakani, isome mpaka mwisho, kisha iloweke majini na uisugue mpaka iwe uji. Nimetumia wino wa misheni, unatoka upesi.

Naandika mchana, nimekaa mlangoni, mvua ikinichuruzikia mbele ya miguu na kila apitaye akiniona. Taa ikiwaka kwangu usiku, watu wa jumbe watakuja kuuliza. Jirani amesimama sasa hivi akataka kujua ninaandika nini. Nimemwambia ninamwandikia mwanangu mawaidha: ajitunze, asali, awatii wakubwa. Amefurahi, akaenda zake. Hayo sitayaandika. Kujitunza unajua, kusali mama yako alikufundisha, na kuwatii wakubwa ndilo jambo ninalotaka kesho usilifanye.

Najua umenikasirikia. Siku ya mashindano nilikufokea mbele ya watu wote pale Matema, siku ambayo baba mwingine angekubeba mabegani. Ulitoka majini wa kwanza, unatweta, unacheka, na mimi nikakuambia, "Mjinga wewe, nani amekutuma?" Watu walidhani nimelewa. Bwana Shauri, mkubwa wa Wadachi huku kwetu, alikuvisha kitambaa chekundu shingoni, karani akaandika jina lako, ukapelekwa Lyulilo kungoja mashua ya serikali. Hukurudi tena nyumbani Ikombe. Kesho mashua inaondoka na wewe, na tangu siku ile sijapewa ruhusa ya kukusogelea isipokuwa ombasha awe katikati yetu. Kwa hiyo nisikilize kwa macho. Usinikunjie uso, maana najua umeshakunja.

Nianze mbali kidogo. Kabla ya Wadachi kuleta sikukuu ya Kaisari wao na mashindano yake, kuogelea kwetu Wakisi hakukuwa mchezo. Wanawake wanafinyanga, wanaume tunapakia. Mtumbwi uliobeba kazi ya mwezi mzima ukipigwa na upepo unaoshuka kutoka milima ya Ukinga, anayejua maji anajiokoa mwenyewe kwanza, kisha anarudi kuokota vyungu vinavyoelea. Babu yako alinifundisha kwa kunitupa ziwani na kwenda zake kutengeneza nyavu. Siku hiyo nilikunywa maji ya kutosha kupikia ugali wa msiba. Nikaapa kwamba wanangu hawatafundishwa hivyo.

Ndipo nikabuni ile nyumba ya chungu. Unakumbuka? Mama yako alikuwa na chungu kikubwa cha pombe kilichoungua vibaya upande mmoja, hakikufaa sokoni. Nilikigeuza kifudifudi juu ya maji, hewa ikabaki ndani. Mtoto anazama, anatokea ndani yake, kichwa kiko gizani, anapumua na kutulia kama yuko kitandani kwake. Wewe ulikuwa ukiimba humo. Atupele aliyekuwa juu ya mwamba alicheka mpaka akateleza, maana chungu kilikuwa kinakwenda peke yake katikati ya maji kikiimba wimbo wa kanisani. Hivyo ndivyo mlivyoacha kuogopa kuwa chini. Sikumwonyesha mtu yeyote wa Matema wala wa Lyulilo, na sababu ilikuwa choyo tu. Nilitaka wanangu wawe mbele ya watoto wa watu.

Na mlikuwa mbele. Ukitaka kweli, Atupele aliwazidi wewe na kaka yako, sema Bwana Shauri hataki kuona wasichana majini. Niliwaamsha na baridi, nikawakimbiza mchangani, nikawanyima uji mpaka mmalize kuzunguka mwamba. Mama yenu akiteta, nilimwambia mambo ya maji aniachie mimi. Nilikuwa mtu wa kujisikia, mwanangu. Nikipita sokoni Lyulilo nilitembea polepole ili watu wapate muda wa kunisalimu.

Mwaka jana kwenye sikukuu, Ambakisye alipokwenda kushindana, ulikuwa umekaa karibu yangu. Uliona. Bwana Shauri alitupa sahani nyeupe mahali penye kina, na vijana wote walitumbukia wakapanda mikono mitupu. Kaka yako akakaa chini mpaka wanawake wakaanza kupiga mayowe. Alipotokea, sahani ilikuwa kichwani kwake, kaishika kwa kidole kimoja, mchokozi yule. Bwana Shauri akaniita. Akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha kugongana, "Wewe fundi wa huyu?"

Nikajibu, "Ni mimi, bwana. Na ninaye mwingine."

Hakuwa ameniuliza kama ninaye mwingine. Maneno hayo nimeyarudia moyoni kuliko ninavyorudia Baba Yetu, na kila nikiyarudia nasikia jinsi sauti yangu ilivyojaa raha. Karani aliandika. Siku zile vita ilikuwa bado ni habari za ng'ambo ya mto Songwe, habari za Waingereza na Wadachi kuviziana, sisi haituhusu. Ambakisye akapanda mashua ya serikali akiwa na kitambaa chekundu, tukaambiwa ana kazi ya maji upande wa mashariki wa ziwa, na mimi nikanunua pombe nikawanywesha watu.

Sasa nakuja kwenye jambo nililokuficha. Ukiwa umesimama, kaa chini.

Wakati wa kuvuna mpunga alikuja hapa mtu wa Ngana, jina lake Asajile. Wewe ulikuwa umekwenda kuvua usipa. Alikuwa amechukuliwa upagazi wa serikali, akarudi mguu mmoja umevimba. Alijifanya mnunuzi. Alichukua chungu, akakigonga kwa kidole kusikiliza mlio, akakigonga tena, akawa anasema nami huku anagonga, ili mtu akiwa mbali aone ni biashara tu.

Akasema, "Mzee, kule mashariki kuna mashua kubwa ya Wadachi imezama na masanduku ya risasi. Wanayataka. Vijana wanafungwa kamba kiunoni, wanateremshwa. Mlima pale unashuka moja kwa moja ndani ya maji, chini ni kweusi. Wakipanda wanatoka damu masikioni. Wanapewa chai, wanateremshwa tena."

Nikamwuliza, "Yupo kijana wa Ikombe, waliyekuwa wakimsifu kwa habari ya sahani?"

Akaacha kugonga. "Yule nilimwona akishuka," akasema. "Kamba ilipanda."

Nilimwambia achukue chungu kile aende nacho, asimwambie mtu. Alinishukuru, "Ndaga, tata," kwa sauti ya chini, akaondoka akichechemea. Nami nikabaki nimeshika kifuniko.

Sikumwambia mama yako. Sikukuambia wewe. Nilikwenda kwa karani, nikaenda tena, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: kijana yuko kazini, anakula vizuri. Sasa mtu anayekula vizuri utamwombolezaje? Ukianza matanga ya mtu ambaye serikali inasema yu hai, wanakuuliza nani amekupa habari, na Asajile angepigwa kiboko mpaka afe. Nikanyamaza. Niliendelea kula, kwenda kanisani, na kujibu watu kwamba Ambakisye hajambo. Hasira yangu ya miezi yote hii uliyoiona, ya kukufokea kwa kasia lililowekwa vibaya, ya kumtupia Atupele maneno, ilitoka huko.

Jumbe alikuwa na majina ya vijana wote wanaojua maji, na la kwako nililitoa mimi kwa mdomo wangu. Kukuficha sikuweza. Kilichobaki ni wewe ushindwe. Ndipo nikaanza kukufundisha yale mambo ya ajabu: chelewa kuruka, inua kichwa ukitafuta pwani, meza maji, kohoa, nyosha mkono mmoja huku umeupinda, zama kidogo, tokea umechanganyikiwa. Uliniuliza, "Tata, una homa?" Nikakudanganya kwamba watu wa Matema wanatuonea wivu, safari hii tuwaachie. Hukuamini, ila ulinitii. Na kweli ulijifunza vizuri. Siku moja ulizama mbele yangu kwa namna ambayo nilijikuta nimeruka na nguo zangu zote kukufuata, nawe ukatokea nyuma yangu ukiuliza kama hivyo inatosha. Nilikupiga kofi, kisha nikaenda nyuma ya jiko kulia.

Halafu siku yenyewe ukaruka wa kwanza, ukakata maji kama umetumwa, ukashinda.

Nilidhani ni kiburi, kile kile nilichowapandikiza mimi. Niliwaza hivyo mpaka Atupele alipokuletea chakula mara ya kwanza, akarudi na maneno yako: "Mwambie tata asinikasirikie. Wanaoshinda wanapelekwa alipo Ambakisye. Mimi nakwenda kumrudisha."

Mama yako alikuwa ameandaa udongo wake, umepondwa, uko tayari. Nilikaa juu yake. Nikauharibu wote, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe hakunisema.

Basi ndiyo hivyo, Lugano. Huko unakokwenda hakuna wa kumrudisha. Kaka yako yuko chini ya maji, na kamba iliyompeleka inangoja kiuno kingine. Ningekuambia mapema usingeshinda. Nilikufundisha jinsi ya kushindwa nikakunyima sababu, nikategemea utii wako kwa sababu siku zote ulikuwa mtoto mwepesi kutii. Sikujua kwamba unampenda kaka yako kuliko unavyoniogopa mimi. Ningejua, ningekuheshimu zaidi.

Sasa sikiliza kama unavyonisikiliza nikiwa juu ya mwamba.

Mashua itabeba vyungu vya mama yako kwa ajili ya kambi yao. Nimevipakia leo asubuhi kwa mikono yangu, ombasha akisimamia kwa mbali. Viko nyuma, na wewe utaambiwa ukae navyo uvishike, maana ndivyo wanavyofanya kwa vijana wa kwetu. Nimevifunga kwa kamba za mgomba mbichi. Zikiloa zinalegea, mpakiaji yeyote wa hapa anajua, ila wao wameona kamba tu. Mtakapopita Ikombe mtafika kwenye Jiwe la Fisimaji. Pale upepo unashuka ghafla hata siku njema, na mwezi huu wa mvua hakuna siku njema. Mashua italala upande. Vyungu vitaondoka. Ondoka navyo.

Usiogelee. Hapo ndipo nakuomba, mwanangu, usahau kila kitu nilichokupigia kelele tangu ukiwa mdogo. Kohoa. Meza maji. Nyosha ule mkono uliopinda. Waone uso wako mara moja, kisha toa pumzi uzame. Siku ile ulinidanganya mimi niliyekufundisha, wao hawatakuwa na shida. Wakufokee, wakutupie kasia, usilishike. Wakipiga bunduki majini, wewe uko chini.

Kimoja kati ya vyungu kina mdomo mpana kuliko desturi, na mistari miwili myeupe shingoni. Kikamate kwa chini, kigeuze, ingiza kichwa. Vyungu vingi vitakuwa vinaelea, wala hawatarudi kuviokota upepo ukiwa mkali. Tulia humo ndani. Maji yenyewe yanavisukuma nyuma ya jiwe, nimepima kwa vifuu na magome, wiki nzima nilikuwa najifanya natega samaki. Mamba hawapo pale, wao wako huko kwenye mito. Nyuma ya jiwe Atupele atakuwa kwenye mtumbwi, ana vyungu kama mtu aendaye sokoni. Usipande mtumbwini. Shika ukingo wake, akuburute mpaka kwenye njia ya mlima, kisha upande Ukinga kwa wajomba zako usiku na mchana bila kukaa. Usiimbe, tafadhali.

Huenda isifanikiwe. Sitakuficha jambo tena. Huenda upepo usije, au wakufunge kamba mapema, au chungu kikapasuka kwa kugonga mwamba. Nimelala nikiyaona yote hayo. Lakini kamba ikishafungwa kiunoni mwako mimi sina tena la kukufundisha. Na usijaribu kutoroka kwa miguu hapo Lyulilo. Kijana wa Busale alikimbia, wakachoma nyumba ya baba yake na kumchukua mdogo wake mahali pake. Mtu aliyekufa maji ndiye peke yake asiyetafutwa.

Habari ya chungu kile. Nilimwambia mama yako nataka chenye mdomo mpana, nikasema ni cha jiko la askari. Hakuuliza kitu. Alipofika kwenye mdomo hakutumia kijiti chake cha kupimia. Alifumba macho, akakunja mikono yake kama alivyokuwa akishika kichwa chako ulipokuwa na homa, akaufinyanga kwa kipimo hicho. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Basi anajua. Na kama amejua la kwako bila kuambiwa, nadhani na la Ambakisye amelijua siku nyingi, akaninyamazia kama nilivyomnyamazia. Tumelala kitanda kimoja miezi yote hii, kila mtu akimlinda mwenzake.

Uangalie na wewe jambo hilo utakapokuwa na mke. Mengine ya maisha utajifunza kwa wajomba, ni watu wa baridi lakini wana moyo. Mimi nilichokuwa nacho cha kukupa kilikuwa maji, na nilikupa pamoja na majivuno yangu ndani yake. Maji yachukue. Hayo mengine yaache hapa nyumbani.

Ukishasoma haya na bado moyo wako unataka kwenda kumwona kaka yako alipo, sitaweza kukuzuia, jiwe litapita na wewe utakuwa umekaa. Atupele atangoja mpaka giza, kisha atarudi kuniambia. Nakuomba tu ukumbuke kwamba Ambakisye alikuwa akikushika mkono kwenye maji yenye kina, na hakuwahi kukuvuta kuelekea chini.

Kesho jioni au keshokutwa ombasha atakuja Ikombe, atavua kofia na kusema umezama. Nitaanguka chini. Mama yako atajifunga gome la matanga kiunoni, wanawake watakuja, ngoma ya msiba itapigwa, na jumbe mwenyewe ataleta kuku. Ukiwa juu Ukinga, upepo ukipanda, utatusikia. Usidhani tunaigiza ili kuwadanganya Wadachi, na roho isikuume ukarudi kutuonyesha kwamba u hai. Watu watakuwa wanataja jina lako, lakini mimi na mama yako tutakuwa tunamlilia Ambakisye. Hatujapata nafasi ya kumlilia mpaka sasa, na hii ndiyo nafasi unayotupa.

Kyala, Mungu wetu, akushike, mwanangu. Utakapotusikia, hata tukilia vipi, usishuke kuja kutunyamazisha.

Ni mimi,
tata